Vifaa vya Kuvulia Samaki Mkubwa kwa Chambo cha Manyoya: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Uvuvi wa michezo ni miongoni mwa shughuli za utalii zinazofanyika katika mito na maziwa ya Tanzania. Katika Bonde la Kilombero, ambako mito ya Mnyera na Ruhudji huungana na kuwa Mto Kilombero, wageni husafiri kutoka nchi za mbali ili kumvua samaki wa aina moja, kumpiga picha na kumrudisha majini akiwa hai. Kwa waongozaji, waendesha boti na wapishi wa kambi, samaki aliyerudishwa majini akiwa mzima ni sababu ya mgeni mwingine kuja msimu ujao. Aliyerudishwa akiwa mahututi, akazama na kufa baada ya boti kuondoka, ni hasara ambayo hakuna anayeiona siku hiyo.

Uhai wa samaki huyo huamuliwa mapema, tangu siku mvuvi anapochagua fimbo, mshipi na ndoano. Makala haya yanaeleza vifaa vinavyofaa kwa uvuvi wa samaki mkubwa mwenye meno makali, sababu za kila uchaguzi, na taratibu za kisheria zinazopaswa kufuatwa. Yamekusudiwa kwa wananchi wanaofanya kazi ya uongozaji wa wavuvi, vikundi vinavyofikiria kuanzisha huduma hiyo, na yeyote anayetaka kuujaribu uvuvi huu kwa mara ya kwanza.

UVUVI WA CHAMBO CHA MANYOYA NI NINI

Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi, mvuvi hufunga chubwi au chambo kizito, na uzito huo ndio unaouvuta mshipi kwenda mbali. Katika uvuvi wa chambo cha manyoya hali ni kinyume. Chambo hutengenezwa kwa manyoya, nywele za mnyama au nyuzi za plastiki zilizofungwa juu ya ndoano, nacho ni chepesi mno kuweza kurushwa chenyewe. Uzito umo ndani ya mshipi, ambao ni mnene na umepakwa plastiki. Fimbo huurusha mshipi, na mshipi hukibeba chambo.

Kwa sababu hiyo fimbo na mshipi hupangwa kwa namba, na namba hizo sharti zilingane. Namba hutokana na uzito wa mita 9 za mwanzo za mshipi. Namba 8 ina takribani gramu 13.6, namba 9 gramu 15.6, na namba 10 gramu 18.1. Tofauti ni ya gramu chache tu, lakini mshipi mwepesi kuliko fimbo hautoki vizuri, na ulio mzito kupita kiasi huielemea fimbo.

KIBEBE NA PAIKI

Samaki anayetafutwa zaidi kwa njia hii katika mito ya Tanzania ni wa jenasi ya Hydrocynus, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya mbwa wa maji. Katika Ziwa Tanganyika huitwa kibebe, na jina hilo ndilo litakalotumika hapa, ingawa wavuvi wa maeneo mengine wana majina yao. Kibebe ana mistari myeusi ubavuni, mkia uliogawanyika na meno marefu yanayopishana nje ya taya hata mdomo ukiwa umefungwa. Rekodi ya dunia ya spishi ya Hydrocynus vittatus kwa uvuvi wa fimbo ni samaki wa kilo 16.1 aliyevuliwa Ziwa Kariba, upande wa Zimbabwe, mwaka 2001. Ndugu yake mkubwa zaidi, Hydrocynus goliath, anapatikana katika Mto Kongo na Ziwa Tanganyika, na rekodi yake ni kilo 44, kutoka Mto Kongo, mwaka 1988.

Vifaa vingi vinavyouzwa madukani kwa ajili ya samaki wa namna hii vilibuniwa kwanza kwa ajili ya paiki, samaki wa maji baridi wa Ulaya, Asia ya Kaskazini na Amerika ya Kaskazini, anayejulikana kitaalamu kama Esox lucius. Rekodi ya paiki ni kilo 25, kutoka Ujerumani, mwaka 1986. Mfanano wa samaki hawa wawili ni wa kweli: wote ni wawindaji, wote hushambulia kwa kasi, na meno ya wote hukata nailoni papo hapo. Kwa hiyo anayeelewa vifaa vya paiki ameshaelewa nusu ya vifaa vya kibebe.

Nusu iliyobaki ndiyo huwagharimu wengi. Paiki hujificha kwenye magugu ya maji yaliyotulia na kuvizia. Kibebe huishi kwenye mkondo wa maji ya moto, huruka juu mara anapochomwa na ndoano, na mdomo wake ni mfupa mtupu, ambao ndoano butu hauwezi kuupenya. Vifaa vya paiki vikiletwa Kilombero bila kubadilishwa, baadhi yake vitafaa na vingine vitashindwa siku ya kwanza.

FIMBO

Kwa kibebe mkubwa, kama ilivyo kwa paiki mkubwa, fimbo inayopendekezwa ni ya namba 8 hadi 10 yenye urefu wa futi 9, sawa na takribani mita 2.7. Mwenye uwezo wa kununua fimbo moja tu achague namba 9. Iwe fimbo ngumu inayopinda zaidi karibu na ncha, kwa sababu chambo kikubwa kilicholowa maji huwa kizito na fimbo laini haiwezi kukirusha penye upepo. Fimbo inayogawanyika vipande vinne hubebeka kwa urahisi katika basi, ndege ndogo au boti.

Wapo wanaoamini kuwa fimbo nyepesi huonyesha ustadi mkubwa zaidi. Fimbo za namba 4 hadi 6, zinazotumika kuvulia samaki aina ya trauti katika vijito vya baridi vya Mlima Kenya, zinaweza kweli kumchosha kibebe mkubwa, lakini kwa muda mrefu. Samaki anapopambana kwa muda mrefu, misuli yake hujaa asidi na mwili huishiwa oksijeni. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, hivyo kibebe wa bondeni ana nafasi ndogo ya kupona kuliko trauti wa mlimani. Fimbo yenye nguvu humaliza pambano mapema, na samaki hurudi majini akiwa bado na uwezo wa kuogelea.

Suala hili ni zito zaidi kwa samaki wakubwa. Kwa kibebe, majike hukua kuliko madume, na jike mkubwa hubeba mamia ya maelfu ya mayai. Mara nyingi samaki mkubwa kuliko wote anayeshikwa katika safari huwa ni mzazi wa mto.

MSHIPI

Hapa ndipo kosa la kawaida zaidi hutokea. Mishipi hutengenezwa kwa kuzingatia joto la maji na hewa. Mshipi wa maji baridi, ambao ndio huuzwa kwa wavuvi wa paiki wa Ulaya, umepakwa plastiki laini ili usijikunje kwenye baridi. Ukitumika penye joto kali hulegea, hunata kwenye pete za fimbo na kukataa kutoka. Mvuvi hudhani fimbo ni mbovu au mkono wake hauna nguvu, kumbe tatizo ni mshipi. Kwa mito na maziwa ya ukanda wa joto, mnunuzi ahakikishe kwamba kasha la mshipi limeandikwa kuwa ni wa nchi za joto.

Jambo la pili ni kina. Kuna mshipi unaoelea, unaozama polepole na unaozama kwa kasi. Paiki wa maji mafupi yenye magugu huvuliwa zaidi kwa mshipi unaoelea au unaozama polepole. Kibebe wa mtoni mara nyingi hukaa chini ya mkondo, kando ya miti iliyoanguka na kwenye vina vya kona za mto, hivyo mshipi unaozama huhitajika. Ni vyema kuwa na miwili: unaozama kwa matumizi ya muda mwingi, na unaoelea kwa asubuhi na jioni, samaki wanapowinda karibu na uso wa maji.

Mshipi uwe na uzito uliosogezwa mbele, yaani sehemu nene iwe karibu na ncha. Umbo hilo husaidia kurusha chambo kikubwa kwa mizunguko michache ya mkono, jambo lenye manufaa kwa mtu aliyesimama kwenye boti finyu.

RILI

Rili ni kigurudumu cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye kitako cha fimbo. Katika uvuvi huu rili haishiriki katika kurusha. Kazi yake ni kuhifadhi mshipi na kumzuia samaki anapokimbia. Kinachotazamwa ni breki iliyo laini na isiyokwama, na nafasi ya kutosha mita 100 hadi 150 za uzi wa akiba nyuma ya mshipi. Kibebe na paiki wote hukimbia kwa nguvu, lakini kwa kawaida si mbali kama samaki wa baharini. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo anaweza kununua rili ya wastani na kuelekeza fedha zake kwenye mshipi na ndoano.

NAILONI NA WAYA

Kati ya mshipi na chambo hufungwa kipande cha nailoni chenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu, chenye uwezo wa kubeba kilo 9 hadi 14. Mwisho wa nailoni hiyo hufungwa waya wa chuma wa sentimita 15 hadi 30, kisha chambo.

Waya si hiari. Nailoni nene yaweza kuhimili samaki mmoja au wawili, lakini siku moja meno yataikata. Samaki ataondoka na ndoano mdomoni, na pengine na kipande cha nailoni kinachoburuta na kunasa kwenye matawi chini ya maji. Hiyo si hasara ya mvuvi peke yake.

Nyaya ziko za aina mbili. Waya wa uzi mmoja haukatwi na meno kwa urahisi, lakini ukishapinda huvunjika, hivyo hubadilishwa baada ya samaki mmoja au wawili. Waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa hufungika kwa fundo la kawaida, ila meno huuchambua uzi mmoja mmoja na lazima ukaguliwe kila baada ya samaki. Aina zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni kutokagua. Aidha, waya uwe dhaifu au imara kwa kulingana na nailoni, ili kitu kikikatika kikatike karibu na samaki na asibaki akiburuta uzi mrefu.

NDOANO NA CHAMBO

Paiki huvutiwa na chambo kikubwa, kuanzia sentimita 15 hadi 30, kinachovutwa taratibu. Kibebe hupendelea chambo cha sentimita 10 hadi 15 kinachovutwa kwa kasi na kwa vipindi, kikiiga samaki mdogo anayekimbia. Chambo chenye macho ya risasi au shaba mbele huzama kichwa kwanza na kuinuka kinapovutwa, nao mwendo huo humchokoza samaki. Rangi nyeusi, nyeupe, na mchanganyiko wa nyekundu na njano ni mwanzo mzuri. Maji yakiwa ya matope, chambo cheusi huonekana vizuri zaidi.

Ndoano ziwe za chuma imara, za namba 1/0 hadi 4/0, na zinolewe kwa tupa ndogo kila mara. Kipimo rahisi ni kuisugua ncha juu ya ukucha: ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Kijino kilicho nyuma ya ncha kibanwe kwa koleo hadi kilale. Wengi huogopa kwamba samaki atachomoka, lakini ndoano isiyo na kijino hupenya mfupa kwa urahisi zaidi na hutoka kwa sekunde chache. Ikimchoma mvuvi au mwendesha boti, nayo hutoka bila upasuaji.

Vifaa vizuri haviwezi kufidia namna mbaya ya kuvitumia. Samaki anapoduwa chambo, mvuvi asiinue fimbo juu kama ilivyozoeleka katika uvuvi wa trauti. Fimbo ielekezwe kwa samaki, na mshipi uvutwe kwa mkono kwa nguvu, mara mbili au tatu. Fimbo ikiinuliwa hupinda na kumeza nguvu yote, na ndoano hubaki juu ya mfupa bila kuingia.

VIFAA VYA KUMWACHIA SAMAKI

Vifaa hivi ni vya bei ndogo kuliko vyote na ndivyo husahaulika zaidi:

• Koleo refu la sentimita 20 au zaidi, ili vidole visiyakaribie meno.
• Kikata waya, kwa ajili ya ndoano iliyoingia ndani sana.
• Wavu mpana wa mpira usio na mafundo, usiokwangua magamba wala kuondoa ute unaomkinga samaki na maradhi.
• Miwani ya jua, ambayo hukinga macho dhidi ya ndoano inayoruka na husaidia kuona ndani ya maji.
• Kanda au glavu nyepesi ya vidole, kwa kuwa mshipi unaovutwa kwa kasi hukata ngozi.

Samaki abaki majini ndani ya wavu wakati ndoano inatolewa. Asilazwe kwenye sakafu ya boti yenye jua, asishikwe kwa mikono mikavu, na asining'inizwe kwa taya, kwani uzito wa mwili wake huumiza viungo vya ndani. Kwa picha, ainuliwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo na mwingine kwenye shina la mkia. Mpiga picha azuie pumzi yake mwenyewe wakati samaki yuko nje ya maji. Yeye akihitaji kupumua, samaki naye anahitaji. Kisha samaki ashikwe akiwa ameelekea mkondo mpaka aondoke kwa nguvu zake.

KWA WANAOKUSUDIA KUVUA SANGARA

Katika Ziwa Victoria, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, samaki wa michezo anayejulikana zaidi ni sangara. Sangara hana meno ya kukata kama ya kibebe, hivyo waya hauhitajiki. Nailoni nene inayostahimili msuguano hutosha. Kwa kuwa anaweza kukua kupita kilo 100, fimbo iwe ya namba 10 hadi 12, na rili iwe na breki yenye nguvu na uzi mwingi wa akiba. Hii inaonyesha kwamba hakuna seti moja ya vifaa inayofaa kwa samaki wote.

KIPI KINUNULIWE KWANZA

Kikundi chenye mtaji mdogo kinashauriwa kuanza na vitu vinavyomgusa samaki moja kwa moja: ndoano nzuri, waya, nailoni, koleo na wavu. Baada ya hapo mshipi wa nchi za joto, kisha fimbo ya namba 9, na mwisho rili. Wageni wengi huja na fimbo na rili zao, lakini hufika wakiwa na mshipi wa maji baridi, waya pungufu na ndoano zenye vijino. Mwongozaji mwenye akiba ya vitu hivyo vidogo huokoa safari ya mgeni, na jina lake hukumbukwa.

LESENI NA USALAMA

Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Uvuvi wa michezo unahitaji leseni, hata kama samaki wote watarudishwa majini. Maeneo yaliyo ndani ya Hifadhi za Taifa yana taratibu za ziada za Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), na yaliyo ndani ya mapori ya akiba huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kwa kuwa ada na masharti hufanyiwa marekebisho mara kwa mara, wananchi wanashauriwa kupata taarifa sahihi kutoka kwa Afisa Uvuvi wa Halmashauri husika kabla ya kupokea mgeni au kununua vifaa. Pale penye Vikundi vya Usimamizi Shirikishi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU), ni vyema vihusishwe tangu mwanzo.

Ikumbukwe pia kuwa mito yenye kibebe ina mamba na viboko. Uvuvi ufanyike ndani ya boti imara, kila mtu akiwa amevaa jaketi okozi. Mtu yeyote asiingie majini kunasua ndoano iliyokwama kwenye mti. Ndoano ina bei, uhai hauna. Mabaki ya nailoni na waya yarudishwe kambini, kwani yakiachwa mtoni huwanasa ndege, kasa na samaki kwa miaka mingi.

Wavuvi wa vijiji vya kando ya mito wanamtegemea samaki huyohuyo kwa kitoweo na kipato, na wana haki hiyo kwa mujibu wa sheria na leseni zao. Utalii wa uvuvi utadumu pale tu wanakijiji watakapouona ukiongeza kipato bila kupunguza samaki. Kwa hiyo anayekwenda dukani kuchagua fimbo, mshipi na ndoano achague vile vitakavyomfikisha samaki kwenye boti upesi na kumrudisha mtoni akiwa mzima.